Daktari wa Modena na vumbi la Kiwira

Ndugu msomaji, ukitaja shahada ya uzamili ya afya ya mazingira na afya kazini mbele ya wazee wetu wa Mbeya au Iringa, wengi watakuuliza kama hiyo ndiyo kazi ya bwana afya, yule anayepita mitaani kukagua vyoo na mabucha. Kijana akifaulu vizuri masomo ya sayansi anatarajiwa awe daktari wa upasuaji, au mhandisi, au basi aingie kwenye biashara. Akisema anakwenda Muhimbili kusomea vumbi, moshi na kelele za viwandani, nyumba nzima inanyamaza. Wengine wanamwonea huruma kabisa.

Mimi ni mwalimu wa masomo ya Kiislamu. Si tabibu, na shahada hiyo sina. Hata hivyo nimeona leo niandike habari za mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita, ambaye wasomi wa fani hiyo duniani wanamhesabu kuwa ndiye baba yao. Sababu ni kwamba ukizitazama kazi zinazowalisha watu wa Nyanda za Juu Kusini, yaani makaa ya mawe ya Kiwira, dhahabu ya Chunya, saruji ya Songwe, mbao za Mafinga, chai ya Mufindi, mpunga wa Mbarali na Kyela, na mashine za kusaga zilizojaa kila mtaa, utakuta nyingi kati ya hizo, au ndugu zake, mtu huyo alishazichunguza kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa.

Anaitwa Bernardino Ramazzini. Alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, kaskazini mwa Italia. Italia ya wakati huo haikuwa nchi moja kama tunavyoijua leo. Ilikuwa vipande vya tawala ndogo ndogo, na Carpi ilikuwa chini ya watawala wa Modena, ukoo wa Este. Alianza kusoma nyumbani kwao kwa mapadri wa Kijesuiti, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Parma, akasoma falsafa na baadaye tiba. Shahada yake aliipata mwaka 1659.

Hapa inafaa nimkumbushe msomaji jambo moja. Tiba iliyokuwa ikifundishwa katika vyuo vya Italia katika karne ile ilikuwa bado imesimama juu ya vitabu vya Wayunani wa kale pamoja na al-Qanun cha Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Kitabu hicho kilichoandikwa kwa Kiarabu kilikuwa kimefasiriwa kwa Kilatini, na madaktari wa Ulaya walikifundisha vizazi na vizazi. Kwa hiyo huyu Ramazzini si mgeni sana kwetu kama jina lake linavyosikika. Mambo ya hewa, maji, chakula na harakati za mwili kuwa sababu za afya na maradhi, hayo yalikuwa yamo ndani ya elimu ile ya zamani. Alichokiongeza yeye ni kazi ya mtu, na jinsi alivyokifikia ndiyo habari yenyewe.

Baada ya shahada alikwenda Roma kujifunza zaidi kwa vitendo chini ya daktari mzoefu, kisha akapelekwa kuwa tabibu wa vijiji vya kaskazini mwa Roma. Yaliyomkuta huko yanafanana na yanayowakuta madaktari wetu vijana wanaopangiwa wilaya za mbali. Malaria ilimpiga vibaya, akapata manjano ya ngozi na macho, ikabidi arudi kwao Carpi kujiuguza. Alipopona akafanya kazi ya utabibu hapo hapo miaka kadhaa, akaoa, na mwaka 1671 akahamia mji mkubwa wa Modena.

Modena hawakumpokea kwa furaha. Madaktari wa mji walimwona ni mtu wa shamba aliyekuja kuwanyang'anya wateja. Kulitokea ugomvi mrefu kuhusu mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa aliyefariki baada ya kujifungua, na matabibu wakashambuliana kwa vitabu na vijitabu miaka mingi. Ugomvi huo sitauendeleza hapa kwa kuwa haukumfaidisha mtu yeyote, hata marehemu mwenyewe. Muhimu ni kwamba mwaka 1682, mtawala wa Modena alipokiimarisha upya chuo kikuu cha mji wake, Ramazzini alipewa kiti cha kufundisha tiba. Alikuwa anakaribia miaka 50.

Ualimu ulimpa nafasi ya kutazama mambo kwa upana. Kuanzia mwaka 1690 eneo lile lilipata misimu mibaya: mvua nyingi, mafuriko, na kutu iliyoshika ngano na kunde. Watu wa vijijini waliugua homa kwa wingi. Ramazzini aliandika taarifa kuhusu miaka ile, akieleza mvua ilivyonyesha, mazao yalivyoharibika, nani waliugua kwanza, mjini au shambani. Mwaka 1691 akatoa kitabu kingine kuhusu visima vya Modena, akieleza jinsi wachimbaji walivyoshuka tabaka baada ya tabaka mpaka wakafika kwenye udongo mgumu, wakautoboa, na maji yakafoka kuja juu yenyewe. Mtu anayesoma leo shahada ya afya ya mazingira anafanya yayo hayo: anaunganisha maji, hewa, udongo na maradhi ya watu wa mahali fulani katika mwaka fulani.

Ama tukio lililomgeuza kabisa lilitokea nyumbani kwake mwenyewe. Katika Modena, kila baada ya miaka michache ilikuwa desturi kutapisha mashimo ya vyoo vya nyumba. Siku moja walikuja watapishaji nyumbani kwa Ramazzini. Akamwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka ya ajabu, anahema, kama mtu anayefukuzwa. Akamhurumia, akamuuliza kwa nini asifanye taratibu asije akachoka. Yule mtu akainua macho kutoka shimoni akamjibu kwamba mtu asiyewahi kuifanya kazi ile hawezi kujua inavyogharimu kukaa mle zaidi ya saa nne, kwa sababu ni sawa na kupofuka.

Daktari mwingine angeziba pua akaingia ndani. Ramazzini alimsubiri atoke, akamtazama macho, akayakuta mekundu na yamefunga ukungu. Akamuuliza wanatumia dawa gani. Akaambiwa hawana nyingine isipokuwa kurudi nyumbani, kujifungia kwenye chumba chenye giza mpaka kesho yake, na kuyaosha macho kwa maji ya uvuguvugu. Akamuuliza tena kama koo linawaka, kama pumzi inabana, kama kichwa kinauma. Akajibiwa hapana, ni macho tu. Baada ya siku hiyo akaanza kuwatazama ombaomba wa mji, akagundua kwamba wengi waliokuwa vipofu au nusu vipofu walikuwa zamani watapishaji wa vyoo.

Ona, ndugu msomaji, ni mambo gani yamefanyika pale. Amemuuliza mfanyakazi. Amemchunguza. Ametenganisha dalili zilizopo na zisizokuwepo. Kisha ametoka nje kuwatafuta wale walioiacha kazi kwa sababu imewaharibu, kwa maana anayeangalia walioko kazini peke yao anaona wazima tu. Jambo hilo la mwisho hata leo wanafunzi wa uzamili hufundishwa kwa masomo marefu. Ukienda kiwandani ukapima waliopo, utawakosa walioshindwa wakarudi vijijini kufia huko.

Tangu hapo akaanza kuingia kwenye karakana. Kwa msomi wa zama zile hili lilikuwa jambo la kushangaza, kwa kuwa kazi za mikono zilidharauliwa na mwenye shahada hakutarajiwa kuonekana kwa mfua vyuma wala kwa mtengeneza ngozi. Aliwahimiza madaktari wenzake wakiingia kwa mgonjwa masikini wasikimbilie kushika mapigo ya damu, wakae chini hata kama kiti ni kigoda kibovu, na juu ya maswali yote ya zamani waliyorithi kutoka kwa Wayunani waongeze moja: mgonjwa huyu anafanya kazi gani. Swali hilo moja ndilo lililompa jina mpaka leo.

Mwaka 1700 akachapisha kitabu chake kwa Kilatini, De Morbis Artificum Diatriba, kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Kina sura zaidi ya 40, kila sura na kazi yake. Kuna wapaka dhahabu, wafinyanzi, wachanganya rangi, wachoma chokaa, wachonga mawe, watengeneza ngozi, waoka mikate, wapepeta nafaka, wakunga, wachukuzi wa maiti, wakulima, wavuvi, na wengineo. Aliwagawa katika makundi mawili makubwa ya sababu: wale wanaodhuriwa na kitu wanachokishika au kukivuta pumzi, na wale wanaodhuriwa na jinsi mwili unavyokaa au unavyotumika, kama mshonaji anayeinama kutwa au mchukuzi anayebeba mizigo kupita kiasi.

Nimezisoma habari hizi nikiwa na Chunya kichwani. Sura ya wapaka dhahabu inawahusu mafundi waliochanganya dhahabu na zebaki, wakapaka juu ya shaba au fedha, kisha wakaichoma zebaki iruke ibaki dhahabu. Ramazzini anaeleza kwamba mafundi hao hutetemeka, hung'oka meno, hupata kizunguzungu, na wachache hufikia uzee. Sasa nenda machimbo ya Chunya. Jiwe linasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, unachanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, kisha tonge linawekwa juu ya moto. Moshi hauonekani na wala haunuki. Mara nyingine linachomwa uani, mama anapika pembeni na watoto wanacheza. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini mkataba haushuki wenyewe mpaka Makongolosi. Anahitajika mtu wa kwenda kukaa na wachimbaji, apime mkojo wao kujua zebaki ni kiasi gani, na awaonyeshe chombo cha kuchomea kinachoufunga mvuke na kuurudisha.

Wafinyanzi nao anawataja kwa uchungu. Wa Ulaya walisaga risasi kutengeneza mng'ao wa vyungu, wakapooza mikono. Akina mama wa Kikisi wanaouza vyungu vyao Matema, kando ya Ziwa Nyasa, hawatumii mng'ao huo, na vyungu vyao viko salama kwa upande huo. Wapo watu wanaodhani chombo kinachong'aa cha dukani ndicho kizuri zaidi.

Kuhusu wapepeta nafaka, anasema vumbi la ngano huingia kooni na mapafuni, huwasha mwili mzima, na hao watu hubanwa pumzi mpaka mwisho. Simama dakika tano kwenye mashine ya kukoboa mpunga au kusaga mahindi wakati wa msimu, umtazame yule kijana mweupe kichwa mpaka nyusi. Tunamwita fundi mashine. Akianza kukohoa tunasema ana pumu ya kurithi, au amelogwa kwa sababu ya pesa za watu. Vumbi lile halitajwi na mtu.

Wenye elimu nao hakuwaacha. Aliandika kwamba wanaokaa na vitabu hupata maradhi ya tumbo na macho, na kwamba waimbaji na wahubiri hupasua sauti. Waadhini wetu wa kabla ya vipaza sauti wangemwelewa vizuri. Mimi nimevuta chaki miaka kadhaa, kwa hiyo sura hiyo sikuicheka sana. Alitambua pia kwamba watawa wa kike wa Kikristo walipata saratani ya matiti kuliko wanawake wengine. Sababu yake hakuijua sawasawa, lakini uchunguzi wenyewe ulikuwa wa kweli, na sayansi ya karne hizi imethibitisha kwamba kuzaa na kunyonyesha kunampunguzia mwanamke hatari ya saratani hiyo.

Kisa kingine kinachonivutia kimo humo humo kitabuni, nacho ni kesi. Katika mji wa Finale, ndani ya utawala wa Modena, mfanyabiashara mmoja alikuwa na kiwanda cha kutengeneza dawa kali ya zebaki. Jirani mmoja akamshitaki akitaka kiwanda kihamishwe nje ya mji, kwa hoja kwamba mvuke wake unawaua watu wa mtaa. Hakwenda mahakamani na malalamiko matupu. Alikwenda na cheti cha daktari, na akaenda na daftari la vifo la parokia, likionyesha kwamba waliokufa mtaa ule na mitaa ya karibu ni wengi kuliko mahali pengine. Mwenye kiwanda naye akaleta wataalamu wake. Mwishowe mwenye kiwanda akashinda.

Nimefikiri sana juu ya lile daftari. Wanavyuoni wetu walioandika juu ya hisba, kama ash-Shayzari katika karne ya 12, walimpa msimamizi wa soko mamlaka ya kumwamuru mwoka mikate ainue paa na kufungua tundu pana la moshi, na ajifunge kitambaa mdomoni asije akapiga chafya kwenye unga. Mamlaka tulikuwa nayo zamani. Sehemu tuliyolegea ni ya daftari. Je, ni misikiti mingapi ya Mbeya na Iringa inayoandika marehemu tunaowazika, umri wao, kazi walizofanya, na maradhi yaliyowaondoa? Tunaswali jeneza, tunazika, tunakula, tunatawanyika. Mtu akitaka kesho kujua kama wanaokaa jirani na kiwanda fulani wanakufa mapema, ataanzia wapi?

Nije sasa kwenye migodi, maana ndiyo sura ya kwanza ya kitabu. Huko Ramazzini alikuwa na wa kumtangulia. Mjerumani Agricola alikwisha kuandika mwaka 1556 juu ya vumbi linalokula mapafu ya wachimbaji, na juu ya milima ambako mwanamke mmoja aliweza kuolewa na waume saba, wote wakafa kwa vumbi. Ramazzini aliyachukua hayo akayaweka mbele kabisa.

Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa China. Ulikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya, na tangu Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016 umeangukia upande huo. Hapo ndipo somo la Ramazzini lilipofika kwetu kwa njia ya masomo ya uzamivu. Simon Mamuya, mtafiti wa Muhimbili aliyekuwa akisoma chini ya Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, alikwenda Kiwira mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupima vumbi wanalovuta wafanyakazi. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2006.

Upimaji wenyewe unafaa uelezwe, kwa sababu watu hudhani utafiti ni kugawa karatasi za maswali. Mfanyakazi anafungwa pampu ndogo kiunoni. Mrija unapanda mpaka kwenye kola ya shati, karibu na pua, na mwisho wake kuna kichujio ndani ya kifaa kinachoyaacha mavumbi makubwa na kuruhusu yale madogo tu, yanayoweza kufika chini kabisa ya mapafu. Pampu inavuta hewa kadiri anavyofanya kazi zamu nzima. Kichujio kinapimwa uzito kwenye mizani nyeti kabla na baada, na tofauti ndiyo vumbi alilokutana nalo. Kisha maabara inatafuta ndani ya vumbi hilo kuna silika kiasi gani, yaani ule unga wa mwamba mgumu. Silika ikikaa mapafuni haitoki. Inaacha makovu, pafu linakuwa gumu, na kifua kikuu kinapata mlango. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya.

Walichokuta Kiwira hakikuwa kile ambacho wengi wangekisia. Mtu wa kawaida angedhani wachimbaji wa makaa, wanaotoka weusi tititi, ndio walioko hatarini kuliko wote. Kumbe walioongoza ni wale waliokuwa wakikata mwamba kufungua njia mpya kuelekea kwenye makaa, na hasa wanaochoronga, kwa sababu mwamba una silika nyingi kuliko makaa yenyewe. Kikohozi kikavu na kubanwa pumzi vilikuwa vingi kwa kundi hilo hilo. Elimu ya namna hii huokoa mapafu, kwa sababu unajua uanze na nani. Unamwaga maji kwenye mtambo wa kuchoronga vumbi lisiruke, unasukuma hewa safi mpaka mwisho wa njia, na baada ya kulipua baruti unawazuia watu wasiingie mapema. Hayo yanafanyika leo yakipatikana mapenzi na pesa.

Sheria pia zipo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikapitishwa mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza mwaka 2015. Lakini fidia ya ugonjwa inasimama juu ya jibu la lile swali la Ramazzini. Mchorongaji akifika zahanati anakohoa, akaandikiwa dawa za kifua bila kuulizwa kazi yake, basi mbele ya sheria yeye ni mgonjwa wa kifua kama wengine. Akifa, mjane wake hana pa kuanzia. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema shahada hiyo haina faida. Kuna haki ya mayatima ndani yake.

Kijana mmoja niliyemfundisha sekondari yuko kwenye masomo hayo sasa, na amechagua kufanya utafiti wake kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga, ambako misonobari ya Sao Hill inapasuliwa usiku na mchana. Vumbi la mbao huleta pumu, na lile la miti migumu limethibitishwa kusababisha saratani ya pua. Aliniambia kwamba kikwazo kikubwa si pesa za vifaa. Wenye mashine wanaogopa watafungiwa, na wafanyakazi wanaogopa watafukuzwa, hivyo kila anayeulizwa anajibu kuwa hana tatizo. Baba yake mpaka leo anasema mwanawe alikuwa na akili za kuwa daktari. Nilimwambia mzee kwamba Ramazzini alikuwa daktari. Akanijibu kwamba huyo alikuwa Mzungu, asingekosa mshahara. Nilinyamaza, maana kwenye mshahara sikuwa na hoja.

Nisimpambe Ramazzini kupita kiasi. Dawa zake nyingi hazikuwa na maana: kutapisha, kuharisha, kutoa damu, maziwa ya punda. Hakujua vijidudu, na hakuwa na kipimo cha vumbi zaidi ya macho yake. Zaidi ya hayo, ushauri wake mwingi aliuelekeza kwa mfanyakazi: ajifunike uso, aoge, abadili nguo, afanye kazi kwa kiasi. Mwenye karakana hakumkabili kwa ukali kama ninavyotamani. Huenda mtu anayekula mkate wa mtawala hakuwa na nafasi hiyo. Kesi ya Finale aliisimulia, na hukumu akawaachia wengine. Lakini aliandika waziwazi kuhusu maradhi ya watu ambao miji huvaa, hula na kujenga kwa jasho lao.

Mwaka ule ule wa 1700 kitabu kilipotoka, Jamhuri ya Venice ilimwita kufundisha katika Chuo Kikuu cha Padua, kilichokuwa miongoni mwa vyuo vikubwa vya tiba Ulaya. Alikuwa na miaka zaidi ya 65 na afya yake haikuwa njema. Alikubali. Mapigo ya moyo yalimsumbua, kichwa kilimuuma, na macho yakaanza kufifia, yeye ambaye habari yake ilianza na macho ya mtapishaji vyoo. Alipofikia hatua ya kutoona vizuri, alisomewa na kuandikiwa na jamaa zake. Aliomba apumzishwe kufundisha, wakuu wa Venice wakamkatalia, wakamwongezea cheo na kumpa kiti cha kwanza cha tiba.

Mwaka 1711 ng'ombe wa eneo lile walikufa kwa wingi kwa sotoka, na mzee huyo akatoa mhadhara juu ya ugonjwa huo na namna ya kuzuia usisambae. Mwaka 1713 akatoa toleo la pili la kitabu chake akiwa na miaka 80, na kazi nyingine 12 ndani yake ambazo hakuwa amezigusa mara ya kwanza. Humo wamo wachapaji wa vitabu, maseremala, wachimba visima, wafyatua matofali na mabaharia. Kwa umri ule na macho yale, bado kuna watu aliona hakuwatendea haki kwa kutowauliza.

Tarehe 5 Novemba 1714 alikuwa akijiandaa kwenda kutoa mhadhara chuoni Padua. Wanafunzi walikuwa wakimsubiri. Akapatwa na kiharusi, na siku hiyo hiyo akafariki, akiwa na miaka 81.